Namna ya kuutambua ukatili katika mahusiano, kwenye hadithi na majumbani, na hatua za kuchukua

Katika kikundi chetu cha usomaji hapa Kirumba, Mwanza, ambacho hukutana kila Jumamosi jioni baada ya wauza dagaa kufunika mizigo yao, mwanachama mmoja alitusomea hadithi aliyoitunga mwenyewe. Ilimhusu kijana mwenye mitumbwi mitatu na binti anayeuza vitenge Makoroboi. Kijana alimkuta binti akicheka na mteja, akamnyang'anya simu, akaibamiza chini hadi kioo kikapasuka, na kesho yake asubuhi akamletea simu mpya ya bei mara mbili ya ile ya kwanza. Wasikilizaji wakapiga makofi. Dada mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mwanaume anayejua kupenda." Mama mmoja mtu mzima, aliyekaa karibu na mlango, hakupiga makofi. Alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, ameibana kifuani, na hakuiachia mpaka tulipoagana.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria wote waliokuwa chumbani jioni ile. Nimesomesha riwaya na tamthilia kwa miaka mingi, na nimewapokea majirani wengi waliokuja kuomba ushauri usiku, na nimeamini kwamba jicho linaloshindwa kuuona ukatili kwenye ukurasa, ambako mwandishi ametufungulia mpaka chumba cha kulala, litauona kwa shida sana kwa jirani, ambako mlango umefungwa. Jicho hilo linafundishika. Kipimo ninachokitumia mimi ni hofu. Usianze kwa kuuliza kama kuna kipigo. Uliza ni nani katika uhusiano huo anayepanga maneno yake, mavazi yake, safari zake na hata kicheko chake kwa kumwogopa mwenzake.

Kuusoma ukatili kwenye hadithi

Chukua hadithi yoyote ya mapenzi uliyonayo, hata zile simulizi zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya simu, uisome ukiwa na kalamu mkononi. Weka alama pembeni kila mahali ambapo mhusika anaacha alichokusudia kufanya kwa kumwogopa mwenzake. Mwanamke anafuta namba ya kaka yake kabla ya kufika nyumbani: weka alama. Anabadilisha gauni akiwa tayari mlangoni: weka alama. Anamwambia mtoto, "Usimwambie baba kwamba tulipita kwa bibi": weka alama mbili, kwa maana hofu sasa imemfikia na mtoto. Ukimaliza, rudi uzitazame alama zako, na mara nyingi utakuta zimesongamana palepale ambapo mwandishi ameandika maneno "mapenzi" na "wivu".

Baada ya hapo mvue mhusika mapambo yake. Mwanaume wa hadithi huwa na sura nzuri, fedha na sauti nzito, na mambo hayo humsamehesha mengi kabla msomaji hajatambua kwamba amesamehe. Yaandike matendo yake peke yake, kama askari anavyoandika maelezo kituoni: alimfuata kazini bila kuitwa, alimkamata mkono kwa nguvu, alimfungia ndani, aliivunja simu yake. Yasome kwa sauti, kisha ujiulize kama ungekubali mahari ya mtu huyo kwa binti yako. Njia hii nimeijaribu kwa vijana na kwa wazee, na kila mara imezua mjadala mrefu kuliko hadithi yenyewe.

Sisi wa ukanda wa ziwa tuna mfano wa karibu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliianzishia nyumbani kwao Namagondo riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Wasomaji wengi humkumbuka Rosa kwa yaliyompata baada ya kwenda kusoma mbali, na wapo wanaomhukumu bila huruma. Mimi huwaomba warudi mwanzoni, kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali wa namna hiyo huitwa malezi. Rosa alifundishwa kuwakwepa wanaume kwa hofu tu, na hofu hiyo ilipobaki nyuma, ng'ambo ya maji, hakuwa na kingine cha kumwongoza. Msomaji anayeanza kumsoma Rosa kwa baba yake huisoma riwaya nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo riwaya iliyoandikwa.

Wanaotunga hadithi wana kazi ngumu zaidi, na sitaki wafikirie kwamba ninawaomba wawafukuze wakatili kwenye kurasa zao. Waandikeni, lakini andikeni na gharama. Kijana wa simu iliyopasuka anaweza kubaki kwenye hadithi. Kilichokosekana ni aya moja inayoonyesha binti akipokea simu mpya huku akiwaza namba zipi asizihifadhi ndani yake. Mkatili wa kwenye hadithi asiwe kila mara mlevi maskini mwenye macho mekundu, kwa sababu wengi wa majumbani ni watu wenye heshima zao, wanaoongoza sala, wanaochangia harusi, wanaoamkia wakwe zao kwa unyenyekevu. Na tafadhali, msimalize hadithi kwa kumzamisha ziwani. Msomaji anayeishi na mtu wa namna hiyo hawezi kusubiri mtumbwi upinduke. Anachohitaji kuona ni yule mwanamke alimwambia nani kwanza, usiku wa kwanza alilala wapi, na nauli aliitoa mfuko gani.

Dalili zake majumbani

Ugomvi upo katika kila nyumba, na mtu asiuite kila ugomvi ukatili. Wanandoa wanaogombana huweza kujibizana, kununiana siku mbili, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake bila kuhofia mwili wake, watoto wake wala riziki yake. Katika uhusiano wa ukatili mmoja tu ndiye mwenye haki ya kukasirika. Mwingine kazi yake ni kuzuia hasira hiyo isiamke, na kazi hiyo haina siku ya mapumziko.

Mama yule wa mlangoni alinieleza mambo yake wiki tatu baadaye, na ameniruhusu nieleze sehemu yake. Anauza dagaa kwa debe. Kila baada ya saa moja mumewe humpigia na kumtaka atume picha ya mahali alipo. Mwanzoni alipiga picha ya meza nzima, lakini siku moja mkono wa mteja wa kiume ulionekana pembeni ya mzani, na usiku ule hakulala. Tangu siku hiyo, simu ikilia, yeye husubiri mpaka wateja walioko mbele yake wawe wanawake watupu, au huusogeza mzani kwenye kona ya kibanda ndipo apige picha ya dagaa na mawe ya mzani peke yake. Wateja wameanza kumlalamikia kwamba anawachelewesha. Mwezi ule mumewe alikuwa hajamgusa hata kwa kofi moja, na kwa sababu hiyo alianza mazungumzo yetu kwa kusema, "Mwalimu, mimi sipigwi."

Dalili nyingi hufanana na hiyo, kwa kuwa huanza kwenye mambo ambayo jamii huyaona madogo. Mauzo yote hukabidhiwa jioni na kesho yake mwanamke hupewa nauli tu. Hukatazwa kuingia kikoba, au huingia na hisa zikaandikwa kwa jina la mume. Ndugu zake hutafutiwa sababu mpaka waache kuja. Huchekwa mbele ya watoto, huambiwa hakuna mwingine angemchukua, hulazimishwa tendo la ndoa akiwa mgonjwa au akiwa amekataa. Mwenzake humtishia kwamba atawachukua watoto, au kwamba atajiua iwapo ataachwa. Zipo dalili ambazo mtu asingoje siku ya pili baada ya kuziona: kukabwa koo, kutishiwa kwa panga au kisu, kupigwa wakati wa ujauzito, na kuambiwa waziwazi kwamba atauawa. Aliyekabwa koo aende hospitali hata kama hana alama yoyote shingoni, hasa sauti ikibadilika au akipata maumivu ya kumeza, kwa kuwa madhara yake yanaweza kujitokeza saa nyingi baadaye.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mzunguko unaojirudia: mvutano hupanda, kipigo hutokea, kisha hufuata kipindi cha kuomba radhi na zawadi, na baadaye mvutano hupanda tena. Maelezo hayo yamewasaidia wengi kuelewa kwa nini kitenge kipya au simu mpya si mwisho wa jambo. Ila nisingependa yatumike kama kipimo pekee, kwa maana nimezijua nyumba ambazo radhi haikuwahi kuombwa hata mara moja, na wenye nyumba hizo walidhani yao si ukatili kwa kuwa haikufuata mzunguko huo.

Pombe nayo husingiziwa mengi. Mwanaume aliyetoka kilabuni akampiga mkewe amempita mwenye kilabu, amempita bodaboda aliyemdai nauli, pengine amepita hata mbele ya askari wa doria, na hao wote hakuwagusa. Aliubeba mkono wake mpaka nyumbani.

Yako pia maneno yanayofunga midomo: ndoa ni kuvumiliana, mambo ya ndani hayatolewi nje, asiyepigwa hapendwi, ng'ombe wameshaliwa. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee huku kwetu, ambako wazazi waliopokea ng'ombe za mahari huhofia kudaiwa na hivyo humrudisha binti alikotoka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na zaidi ya nusu ya wanawake walikubali kwamba iko angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mke. Wapo na wanaume wanaopigwa na kudhalilishwa na wake zao, ambao hunyamaza kwa aibu kubwa zaidi, na yote nitakayoyasema hapa chini yanawahusu pia.

Ukiwa jirani, ndugu au rafiki

Tafuta wakati ambao mwenzake hayupo na hawezi kutokea ghafla: kisimani, saluni, njiani kutoka sokoni, kwenye kuanika dagaa. Usitumie ujumbe wa simu, kwa kuwa huenda simu hiyo ina wasomaji wawili. Anza na ulichokiona mwenyewe, si ulichosikia, na uulize swali lisilomlazimisha kukiri. Mimi huuliza, "Mama Fulani, siku hizi unalala usingizi?" Kisha hunyamaza kimya. Wengi hujibu kwamba wanalala vizuri, na jibu hilo lipokelewe bila kubishana. Mwambie tu kwamba mlango wako hauna komeo kwake, saa yoyote. Huenda akarudi baada ya wiki, huenda baada ya mwaka.

Akisema, mwamini. Usimwulize alimfanya nini mwenzake mpaka akapigwa. Usimwamuru aondoke kesho asubuhi, maana yeye ndiye anayejua hali ya hatari iliyopo, na kipindi cha kuondoka na cha mara tu baada ya kuondoka ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote. Usiende kumkabili mume wake ukidhani unamsaidia, kwa sababu maneno yako atayalipia yeye mlango ukishafungwa. Na siri yake isifike kwenye kikao cha kikoba, hata kwa nia ya kumwombea.

Ukisikia kipigo kikiendelea, usiingie peke yako. Piga simu namba 112, au mtume mtu kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni watu kadhaa mkabishe hodi kwa shida yoyote ya kawaida: mnaomba chumvi, mnauliza kama kwao umeme umekatika. Hodi ya namna hiyo mara nyingi hukatisha kipigo, nayo humpa mwanamke nafasi ya kutoka hadi barazani.

Ukiwa ndani ya uhusiano huo

Panga kabla ya kuhitaji mpango. Chagua mtu mmoja unayemwamini na umpe nakala za vyeti vya watoto, kitambulisho chako, kadi ya kliniki, nguo kidogo na fedha ya safari. Kariri namba mbili za simu, kwa kuwa simu yenyewe inaweza kunyang'anywa. Kubaliana na jirani juu ya neno ambalo mtoto akilisema, yeye ataelewa: "Mama anaomba ungo." Ugomvi ukianza, jitahidi usiwe jikoni wala kwenye chumba chenye mlango mmoja.

Anayeishi kisiwani ana mtihani wa ziada ambao miongozo ya mijini huusahau. Kutoka Ukara, Kome au kwenye kambi za uvuvi, huwezi kuondoka saa unayotaka. Unaondoka saa ya chombo, na mwenye chombo huenda ni rafiki wa mumeo au ndiye anayemkopesha nyavu. Jua mapema siku na saa za mitumbwi ya abiria na za meli, jua ni nahodha yupi asiye na ukaribu na nyumba yenu, na uwe na sababu ya safari isiyotiliwa shaka, kama kumpeleka mtoto kliniki au kufuata bidhaa. Siku hiyo usibebe begi kubwa. Vitu vikutangulie kidogo kidogo.

Ukishajeruhiwa, afya yako ndiyo ya kwanza. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utapewa nafasi ya kueleza shauri lako faraghani na kupewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Lakini kama hali ni mbaya, wahi hospitali kwanza na fomu ifuate. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa, na afike hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya VVU huwa na manufaa zikianzwa ndani ya muda huo, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tabibu, ustawi wa jamii na polisi hupatikana mahali pamoja, na hivyo mtu harudii maelezo yake katika milango minne. Kwa mtoto, namba ya bure ni 116.

Watu wengi hushangaa ninapowasomea kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iwe inasema nini. Kifungu hicho kina zaidi ya miaka 50. Sheria hiyohiyo haimruhusu mtu kwenda mahakamani kuomba mwenzake alazimishwe kurudi kuishi naye. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambuliwa na jamii kama mume na mke wana dhana ya ndoa, yaani sheria huwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo anayeishi kinyumba asikubali kuambiwa kwamba hana pa kudai. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwambie hayo kila mwanamke anayekaa kwa kuamini kwamba ataondoka mikono mitupu.

Kabla ya talaka kufika mahakamani, kwa kawaida shauri hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na hapo nina tahadhari. Usuluhishi unawafaa watu wawili wanaoweza kusema. Mwanamke anayeketishwa kiti kimoja mbali na mtu aliyemkaba koo juzi atasema kile kitakachomfikisha nyumbani salama, na wazee wataandika kwamba wamepatana. Kama uko hatarini, anza na polisi na ustawi wa jamii, na baraza ulifikie baadaye ukiwa unalala mahali salama, tena ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hutoa msaada bila malipo, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limekuwa likishughulikia ukatili wa majumbani kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa mwanaume aliyesoma mpaka hapa na kujiona mwenyewe katika maandishi haya, neno langu ni fupi. Usimwombe mkeo akusamehe wiki hii. Msamaha wa mtu anayekuogopa huwezi kuutegemea. Mtafute mwanaume mwenzako unayemheshimu, ambaye hatakucheka wala kukupongeza, umweleze ulichokifanya bila kutaja kilichokukasirisha. Ukianza kuona kifua kinajaa, toka nje, utembee mpaka ziwani, urudi kikiwa kimetulia. Na umrudishie simu yake, mauzo yake na ndugu zake kabla hajakuomba.

Mama wa dagaa bado anauza, na bado anaishi kwake; hajaamua kuondoka, nami sijamsukuma. Ila tulikwenda pamoja hadi dawati, akaongea na askari wa kike kwa karibu saa nzima, akapewa namba ya kumpigia moja kwa moja. Hakuihifadhi kwenye simu. Aliiandika kwenye daftari lake la madeni, lile ambalo mumewe hulikagua kila jioni, katikati ya mteja wa debe mbili na mteja wa gunia, na mbele yake akaandika kwamba mteja huyo atalipa mwezi ujao.